KUOKOTA SI KUIBA? Tufanye nini na kitu cha mwenzetu kilichopotea



Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limevunja urafiki wa watu wengi na hata vikundi vizima. Ni jambo la kitu kilichookotwa.

Juzi nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama siku ya mchango. Kabla ya sala ya kufunga, mama mmoja alisimama, akafungua leso yake, akatoa kibeti kidogo cha ngozi. Alikuwa amekiokota kando ya njia ya sokoni siku sita zilizopita. Ndani mlikuwa na shilingi 3,400, kitambulisho cha mama mzee wa lokesheni ya ng'ambo ya mto, na karatasi yenye hesabu zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi. Akasema, "Wenzangu, nifanye nini? Mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya chakula cha shule. Hii pesa nimelala nayo siku sita bila kuigusa. Sasa nimechoka kuiangalia."

Basi kikundi kikagawanyika. Mmoja akasema, "Si ni Mungu amekupa? Umeomba, yeye ameleta." Wa pili akasema, "Chukua pesa, hicho kitambulisho ukiache njiani, mwingine atakiokota." Wa tatu: "Ukipeleka utaulizwa zile zingine ziko wapi. Utaitwa mwizi bure." Wa nne akamaliza: "Na hao wa ng'ambo wangeokota chetu, mnafikiri wangerudisha? Kuokota si kuiba." Mwenyekiti akanigeukia: "Wewe mtu wa parokia, tuambie."

Sikutaka kutoa jibu mfukoni kama peremende. Tulikaa tena chini, tukafuata njia tuliyoizoea: kuona, kupima na kutenda. Haya ndiyo tuliyoyapata, pamoja na mengine niliyoyatafuta baadaye.

KUONA: KUPOTEA NA KUTUPWA NI MAMBO MAWILI

Kwanza tulitofautisha vitu viwili. Kuna kitu kilichotupwa na kuna kitu kilichopotea. Gunia lililotoboka likiwa kwenye jaa limetupwa. Mwenyewe amelikataa kwa hiari yake, na ukiliokota ukashonea kiraka hakuna atakayekuuliza. Lakini mbuzi aliye na kamba shingoni hajatupwa. Jembe lililosahauliwa kwenye mtaro wa shamba la kikundi halijatupwa. Simu iliyoanguka ndani ya matatu haijatupwa. Mwenyewe bado ni mwenyewe, hata kama hajui kitu chake kiko wapi. Kupotea kumekitoa mkononi mwake tu. Hakukuondoa haki yake.

Pili tuliuliza: je, kitu hiki kina alama ya mwenyewe? Wakati mwingine alama ni jina kabisa, kama kwenye kitambulisho. Wakati mwingine ni rangi iliyopakwa kwenye mpini wa jembe, herufi kwenye jerikeni, au mkato kwenye sikio la ng'ombe. Alama ni kama mwenyewe anakuita kutoka mbali. Mtu aliyeandika jina lake kwenye kitu alitaka, siku kikipotea, wewe ujue pa kukipeleka. Ukiisoma alama hiyo kisha ukaifuta, huwezi tena kusema hukujua.

Tatu tulitazama hofu. Yule wa tatu hakuwa mtu mbaya. Ni kweli kuna watu waliorudisha mali wakashukiwa. Ni kweli pia kwamba njaa na karo zinasukuma. Tusiwacheke watu wa namna hiyo. Lakini hofu ina dawa yake, nayo ni mashahidi na maandishi. Tutafika hapo.

KUPIMA: SHERIA INASEMA NINI

Wengi wetu tunaamini kwamba sheria ya Kenya haimgusi mtu aliyeokota. Sivyo. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 268, inaeleza maana ya wizi. Haisemi tu kuchukua kitu mkononi mwa mtu. Inasema pia kukifanya cha kwako kitu cha mwingine kwa udanganyifu. Kisha inagusa kitu kilichopotea moja kwa moja. Aliyekiokota na kukitumia hahesabiwi kuwa mdanganyifu ikiwa wakati ule hakujua mwenyewe ni nani, na tena ana sababu ya kweli ya kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Angalieni vizuri: ni mambo mawili pamoja. Hukujua mwenyewe, na unaamini kwa sababu ya kweli kwamba hapatikani. Mama wetu alikuwa na kitambulisho chenye jina na picha. Nyuma ya vile vitambulisho vya zamani imeandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na sablokesheni. Angesimama mbele ya hakimu aseme nini? Adhabu ya kawaida ya wizi ni kifungo kisichozidi miaka 3. Kwa mifugo ni kali zaidi, maana wizi wa mifugo unaweza kumfunga mtu hadi miaka 14. Kwa hiyo yule anayemfungia zizini ndama aliyepotea na kunyamaza anacheza na moto.

Hata benki hairuhusiwi kusema "kuokota si kuiba". Chini ya sheria ya mwaka 2011 kuhusu mali ya kifedha isiyodaiwa, pesa zilizosahauliwa kwenye akaunti kwa miaka iliyowekwa haziwi za benki. Hupelekwa kwa mamlaka maalumu ya serikali, na mwenyewe au warithi wake bado wanaweza kuzidai.

KUPIMA: MAANDIKO NA KANISA

Tukafungua Biblia. Kumbukumbu la Torati 22:1-3 inaagiza kwamba ukimwona ng'ombe au kondoo wa mwenzako amepotea usijifanye hukumwona. Mrudishe. Kama mwenyewe yuko mbali au humjui, mpeleke kwako, mtunze mpaka atafutwe, kisha umrudishe. Tena inataja punda, vazi, na kila kitu kilichopotea. Kutoka 23:4 inakwenda mbali zaidi: hata kama ng'ombe ni wa adui yako. Hapo yule mama wa nne, aliyesema juu ya watu wa ng'ambo, alicheka akafunika uso.

Walawi sura ya 6 inazungumza juu ya mtu aliyeokota kitu kisha akakana. Huyo anatakiwa arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa shilingi 3,400 sehemu ya tano ni 680. Angelipa 4,080. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2409, inapotaja makosa dhidi ya amri ya saba, inahesabu humo kukaa kwa makusudi na kitu ulichoazimwa au kitu kilichopotea. Hiyo ndiyo amri ya usiibe.

Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alihubiri juu ya jambo hili hili. Aliwaambia Wakristo wake kwamba aliyeokota asirudishe ameiba. Kisha akawasimulia habari ya mtu maskini wa mji wa Milan, mtumishi katika shule ya mwalimu mmoja. Mtu huyo aliokota mfuko wenye sarafu za dhahabu zipatazo 200. Akaweka tangazo mahali pa wazi kwamba aliyepoteza aje. Mwenyewe alipokuja hakumpa tu. Alimwuliza alama: mfuko ulikuwaje, muhuri wake, na sarafu zilikuwa ngapi. Majibu yote yalipokubaliana, akamkabidhi.

Mwenyewe kwa furaha akampa sarafu 20, yaani sehemu ya kumi. Akakataa. Akampa 10, akakataa. Akamsihi apokee hata 5, akakataa. Basi mwenyewe akakasirika, akautupa mfuko wote chini, akisema kwamba kama hapokei chochote, yeye naye hakupoteza kitu. Ndipo yule maskini akashindwa, akapokea, na papo hapo akawagawia maskini wengine. Mimi hupenda sana sehemu ile ya kuuliza alama. Maskini yule alikuwa mwaminifu, na pia alikuwa mwerevu.

KUTENDA: HATUA KWA HATUA

Kitambulisho. Usikae nacho hata wiki moja. Mwenyewe akikikosa hawezi kutoa pesa kwa wakala, na mzee wa Inua Jamii anaweza kusumbuka siku ya malipo. Ili apate kingine lazima aende polisi kwa abstrakti, kisha alipe ada, ambayo mwaka 2024 iliwekwa kuwa shilingi 1,000. Kipeleke kwa chifu au naibu wake, kituo cha polisi, au Huduma Centre. Kama jina linafahamika parokiani, mwambie katekista atangaze baada ya Misa. Atangaze jina tu, asisome namba.

Simu. Usiizime wala usitoe laini. Ikiwa chaji imekwisha, ichaji. Mwenyewe au ndugu yake atapiga. Ukipokea usitaje aina ya simu. Mwache yeye aieleze. Ikikaa siku mbili bila mtu kupiga, ipeleke kwa chifu au polisi. Na wewe mwenye simu, leo hii bonyeza *#06#. Utaona namba yenye tarakimu 15. Iandike kwenye daftari nyumbani. Siku utakayoulizwa alama, hiyo ndiyo alama isiyobishaniwa.

Pesa taslimu. Ihesabu mbele ya watu wawili siku ile ile. Andika kiasi, mahali na saa. Unapotangaza sema, "Pesa imeokotwa," usiseme ni ngapi wala ilifungwa na nini. Anayedai ndiye ataje. Ukiipeleka polisi, omba iandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, na uchukue namba. Namba hiyo ndiyo dawa ya ile hofu ya kuitwa mwizi.

Pesa iliyoingia kwenye simu kwa makosa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hiki ndicho kitu kinachookotwa bila mtu kuinama. Jina na namba ya aliyetuma viko kwenye ujumbe, kwa hiyo huwezi kusema humjui. Usiitoe wala usiitumie. Lakini pia usiirudishe haraka kwa mkono wako. Kwanza tazama salio lako mwenyewe kwa *334#. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo kutoka namba ya kawaida, halafu wanapiga wakilia, "Mama, nimetuma pesa ya hospitali kwako kwa makosa." Ukituma bila kuangalia salio, unatuma pesa yako. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 ili kampuni yenyewe irudishe. Ukituma wewe, na yeye pia ameomba irudishwe, unaweza kupoteza mara mbili. Na usikubali kamwe kutuma kwa namba tofauti na ile iliyoleta.

Mnyama. Mfungie mahali pa wazi, si nyuma ya nyumba. Mwambie mzee wa kijiji na naibu wa chifu siku hiyo hiyo. Mpe maji na majani. Mwenyewe akija, aseme rangi, pembe, na alama ya sikio kabla hujamfungulia zizi. Kama umegharimika kwa chakula au dawa, ni haki kurudishiwa gharama hiyo.

JIHADHARI NA PESA YA KUGAWANA

Kuna ujanja mmoja wa zamani ambao bado unawaliza watu stendi za matatu. Mtu anapita mbele yako, anaangusha kifurushi. Mwingine anakiokota, anakuonyesha noti moja juu, anakunong'oneza, "Tunyamaze, tugawane kule kichochoroni." Ghafla yule wa kwanza anarudi akilia. Mnasachiwa. Mwishowe pesa yako na simu yako zimekwenda, na kifurushi ni magazeti yaliyokatwa. Wao wanavua samaki, na chambo ni tamaa yetu ya kutorudisha. Aliyezoea kuita, "Wewe, umeangusha!" hawampati.

JE, SODA NI HALALI?

Hapa tulibishana sana. Tukakubaliana hivi. Shukrani inayotolewa na mwenyewe kwa hiari, baada ya kupewa kitu chake, si dhambi kuipokea. Nauli uliyotumia kumfikia ni haki yako, na unaweza kumwambia wazi. Lakini kumpigia mtu simu na kusema, "Nina kitambulisho chako, tuma mia tano kwanza," hiyo si soda. Hiyo ni kumfanya mateka mtu ambaye tayari ana shida. Rudisha kwanza. Soda ikija, ije nyuma. Wahenga walisema, tenda wema nenda zako.

NA MWENYEWE ASIPOPATIKANA?

Ikiwa kitu ni kidogo, hakina alama, umetangaza kanisani na sokoni, umemwambia mzee wa kijiji, na muda wa kutosha umepita, dhamiri yako iko huru. Hapo hata sheria haikuhesabu mdanganyifu, maana umetafuta kweli. Lakini ushauri wangu ni kikundi kikubaliane kabla. Vikundi vingine huweka kitu hicho, au thamani yake, kwenye mfuko wa wagonjwa na wafiwa. Mwenyewe akitokea baadaye, mfuko unamrudishia. Kitu cha thamani kubwa kisingoje kwa kikundi. Kiende kwa chifu au polisi.

KIKUNDI KIFANYE NINI

1. Katibu awe na daftari la vitu vilivyookotwa: tarehe, kitu, mahali, aliyeokota, mashahidi wawili, na siku kilipochukuliwa na nani. Aliyechukua aweke sahihi au kidole gumba.

2. Kila mkutano uanze na swali moja: "Kuna aliyepoteza au kuokota?" Dakika mbili zinatosha.

3. Kila mwanachama atie alama vitu vyake. Jina kwenye jembe, panga, jerikeni na kitabu cha akiba. Ndani ya kibeti weka karatasi yenye namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Usiandike hapo namba ya siri hata siku moja.

4. Mweka hazina asitembee peke yake na pesa ya kikundi. Mnajua kwa nini nasema hivi? Sikilizeni mwisho wa ile habari.

KIBETI KILIKUWA CHA NANI

Siku iliyofuata, mama wetu na katibu walikwenda kwa naibu wa chifu. Naye akampigia mwenzake wa ng'ambo. Saa nane mchana mama mzee akafika kwa miguu. Aliulizwa alama, akataja yote, hata ile karatasi. Alikuwa mweka hazina wa kikundi kama chetu. Zile hesabu za kalamu ya risasi zilikuwa majina ya wanachama na michango yao. Pesa ile haikuwa yake. Alipowaambia wenzake imepotea, hawakumwamini. Walisema ameila. Tayari alikuwa ametoa kuku wawili, na alikuwa ameahidi kumtoa mbuzi siku ya soko inayofuata. Soko lilikuwa kesho yake.

Mama wetu alilia pale ofisini. Aliniambia baadaye, "Siku sita nilikuwa nafikiria mtoto wangu. Sikufikiria kwamba kuna mtu anaitwa mwizi kwa sababu yangu." Sikumlaumu, lakini neno lake naliweka hapa ili tujue: kuchelewa kurudisha nako kunaumiza.

Lakini tusisahau upande wa pili. Alirudi nyumbani bila pesa, na mtoto bado alikuwa nje ya shule. Uaminifu wake haukulipa pesa ya chakula. Jioni hiyo mwenyekiti aliita kamati, nao wakampa mkopo mdogo kutoka mfuko wa kikundi, bila riba, alipe baada ya kuvuna maharagwe. Mtoto alirudi darasani Jumatatu. Hili ndilo fundisho nililobeba mimi. Kikundi kinachomwambia mwanachama maskini, "Rudisha, si chako," lazima kimwulize pia, "Na shida yako tuibebe vipi?" Tusimwachie mmoja mzigo wa uaminifu wetu sote.

Yule wa ng'ambo alirudishiwa kuku mmoja. Mwingine alikuwa ameshaliwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, umewahi kupoteza kitu kikarudishwa? Ulijisikiaje? Na kisiporudishwa?

2. Hapa kwetu, ni nini kinachowafanya watu waogope kurudisha kitu walichookota? Kikundi kinaweza kuondoa hofu gani?

3. Someni Kumbukumbu la Torati 22:1-3. Leo "ng'ombe aliyepotea" wa jirani yetu ni kitu gani?

4. Mwanachama akisema pesa ya kikundi imepotea, tutatafutaje ukweli kabla ya kumhukumu?

5. Nani atanunua daftari, na nani ataliandika? Tajeni jina na tarehe kabla ya kufunga mkutano.